Maji ya Rejeta na Unga wa Wataalamu

Kila aliyepanda gari kutoka Kyela kuja Tukuyu aijua njia ile. Kyela iko karibu meta 500 juu ya usawa wa bahari, na Tukuyu karibu meta 1,500. Malori hupanda yakinguruma, na mara kwa mara utaliona moja limesimama kando, mvuke ukifuka, na utingo akikimbilia kijito na dumu mkononi.

Baba yangu ni dereva wa lori la ndizi. Mwaka juzi utingo wake alijaza rejeta kwa maji ya kijito yaliyochafuka kwa mvua, tena si mara moja. Tope likaziba mirija, injini ikachemka, silinda hedi ikapinda. Lori lililala gereji mwezi mzima, nami nikachelewa kurudi shuleni wiki mbili kwa kukosa nauli. Tangu siku hiyo baba husema: rejeta ni maji safi tu.

Kwa hiyo nilistaajabu niliposoma kwamba wako wataalamu wanaotia unga katika maji ya kupozea kwa kusudi. Je, baba amekosea?

Kwanza tufahamu kazi ya maji hayo. Hulichukua joto kutoka injini, hulipeleka kwenye rejeta, na upepo huliondoa. Lakini maji si mpitishaji hodari wa joto; shaba huyashinda zaidi ya mara 600. Ndipo watu wakafikiri kuchanganya maji na unga wa madini. Unga wa kawaida haukufaa: huzama, husugua pampu na huziba mirija, kama lile tope letu. Mwaka 1995 Stephen Choi, wa maabara ya Argonne huko Marekani, alipendekeza chembe za kipimo cha nanometa, yaani sehemu moja ya milioni ya milimeta. Mchanganyiko huo aliuita nanofluidi. Chembe ndogo hivyo hazizami upesi, kwa kuwa molekuli za maji huzisukumasukuma pande zote.

Siku hizi nanofluidi hujaribiwa katika seli za fueli za motokaa. Seli hiyo huunganisha haidrojeni na oksijeni ya hewa, ikatoa umeme, maji na joto. Injini ya dizeli hutupa joto jingi kwa njia ya ekzosi, na maji yake hufika karibu nyuzi 90 za Sentigredi. Seli ya fueli hutaka nyuzi 60 hadi 80 tu, na karibu joto lake lote lazima lichukuliwe na maji. Tufanye hesabu. Hewa ya Kyela ikiwa nyuzi 30, maji ya nyuzi 90 yaipita hewa kwa nyuzi 60. Maji ya nyuzi 70 yaipita kwa nyuzi 40 tu. Basi kuondoa joto lile lile kwataka rejeta kubwa mara moja na nusu. Maji yapitishayo joto vizuri zaidi yangesaidia kuipunguza.

Lakini iko taabu. Maji hayo hupita katikati ya sahani zenye umeme, kwa hiyo hutakiwa yawe safi kama maji ya betri, yasipitishe umeme. Ukitia chembe, umeme huanza kupita. Tena chembe hushikamana, huwa kubwa, kisha huzama. Na zikiwa nyingi maji huwa mazito, pampu ikatumia nguvu zaidi. Kwa sababu hizo kazi bado iko zaidi katika maabara.

Basi baba hakukosea. Uchafu wa kijito na unga wa wataalamu hutofautiana kwa ukubwa, na hata huo unga mdogo una hasara zake. Wenye magari wasitie chochote kisichoagizwa na mtengenezaji wa gari.

Neno la mwisho kwa wenzangu wanaopenda kusaidia barabarani. Hapa Tukuyu maji yaliyo wazi huchemka karibu nyuzi 95, si 100, kwa kuwa hewa ya juu ina kani ndogo. Ndani ya rejeta iliyofungwa maji hupita kiwango hicho bila kuchemka. Ukifungua kifuniko, huruka yote kwa mara moja na kuunguza uso. Ngojeni hata rejeta ipoe.