Mbwa Ndiye Anayepanga Mwendo

Wilaya ya Karatu, kaskazini mwa Tanzania, imejaa mbwa wakubwa wasiokimbia. Wako kwenye mageti ya hoteli na kambi za watalii, kwenye mashamba ya kahawa ya Oldeani na Tloma, na kwenye nyumba zilizozungushiwa ukuta katikati ya mji. Wengi ni machotara wa Jemani shepadi, wachache ni roteila. Mchana kutwa wanafungiwa bandani, usiku wanafunguliwa walinde. Mwenye mbwa huamini kwamba ulinzi huo ndio mazoezi. Ukweli ni kwamba mbwa wa geti huzunguka ua mara moja, hubweka kidogo, kisha hujilaza. Alfajiri anarudi bandani na nguvu zake zote.

Nguvu hizo lazima zitoke mahali. Zitatoka kwa kuchimba chini ya geti, kutafuna bomba la maji, kumrukia kila mgeni, au kuzunguka banda upande uleule mpaka udongo unakuwa mfereji. Mwenyewe anaita daktari na kusema mbwa amekuwa mkorofi, anafupisha mnyororo, na ukorofi unazidi. Kumbe mnyama mwenye kilo 35, mwenye mapafu mapana na miguu mirefu, anadai haki yake ya kukimbia.

Mbona namtembeza?

Kutembeza ni vizuri, ila hakutoshi. Binadamu hutembea kilomita 5 hivi kwa saa. Kwa mbwa mkubwa huo ni mwendo wa kunusa majani. Mwendo aliozaliwa nao ni mchakamchaka: mguu wa mbele wa kulia unatua pamoja na wa nyuma wa kushoto, kisha kinyume chake, mgongo ukiwa umetulia. Kwa mwendo huo shepadi mwenye afya huenda kilomita 12 hadi 15 kwa saa bila kuhangaika. Akiongeza zaidi anaingia kwenye shoti, ambapo mgongo unakunjuka na kukunjika, joto la mwili linapanda haraka na viungo vinapigwa kwa nguvu.

Wilaya hii ndiko alikozaliwa Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1500 mjini Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974. Alitumia dakika 3 na sekunde 32.2, yaani wastani wa kilomita 25 kwa saa. Bayi angeweza kumkimbiza mbwa wake kwa miguu. Sisi wengine, kwenye mwinuko wa mita 1500 na zaidi, tutaishiwa pumzi kabla mbwa hajapasha misuli. Hapo ndipo magurudumu yanapoingia.

Viatu vya magurudumu au baiskeli?

Kwenye nchi za theluji watu wamezoea kuvutwa na mbwa wakiwa juu ya mbao za kuteleza, na theluji ikiyeyuka huhamia kwenye baiskeli au viatu vya magurudumu. Viatu hivyo vinajulikana pia Afrika Mashariki. Jijini Nairobi vijana huteleza navyo mwishoni mwa wiki kwenye maeneo ya wazi ya katikati ya jiji. Kwa mbwa wa Karatu, hata hivyo, sivishauri.

Sababu ya kwanza ni barabara. Lami ndefu na laini tuliyonayo ni ile inayotoka Makuyuni kupitia Mto wa Mbu na Karatu hadi Lodoare, lango la Hifadhi ya Ngorongoro, iliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa msaada wa Japani. Hiyo ni njia ya malori na magari ya watalii yanayowahi kreta ya Ngorongoro, tena ina matuta. Sababu ya pili ni breki. Gurudumu dogo la kiatu hukwama kwenye kokoto moja, na mbwa akiona paka upande wa pili wa barabara hakuna cha kumshikia. Sababu ya tatu ni lami yenyewe. Jua likishapanda, lami huunguza nyayo. Weka mgongo wa kiganja chako juu yake kwa sekunde saba. Ukishindwa kuvumilia, mbwa naye hawezi.

Baiskeli ina breki mbili, ina tairi pana, na inaweza kuacha lami ikafuata njia za udongo za Bashay, Rhotia au Kambi ya Nyoka. Udongo wetu mwekundu ni rafiki wa viungo vya mbwa wakati wa kiangazi. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, huwa utelezi mtupu. Siku hizo pumzika.

Vifaa

Usimfunge mbwa kwa kola ya shingoni. Akivuta ghafla, au wewe ukianguka, shingo na koo ndivyo vinavyobeba mshtuko. Mvalishe mkanda wa kifua unaopita mbele ya kidari na kuacha mabega yake huru.

Kamba isifungwe kwenye usukani wala isizungushwe mkononi. Mwombe fundi wa kuchomelea akutengenezee mkono mfupi wa bomba jepesi, wenye springi, ufungwe kwenye nguzo ya chini ya kiti. Mbwa akivuta, nguvu inaingia chini ya uzito wako badala ya kukupindua, na springi inameza mshtuko. Kamba iwe fupi kiasi kwamba mbwa hawezi kufika mbele ya gurudumu la mbele wala kurudi nyuma ya lile la nyuma, na iwe na ndoano ya kufungua kwa mkono mmoja. Kwa kuwa tunaendesha kushoto, mbwa akae kushoto kwako, upande wa majani. Wewe na baiskeli muwe ukuta kati yake na magari.

Kuanza

Mbwa wa jamii kubwa asikimbizwe na baiskeli kabla ya kutimiza miezi 18. Ncha za mifupa yake bado ni laini, na mbio za kulazimishwa zinaweza kumwachia ulemavu wa nyonga na viwiko utakaojitokeza ukubwani. Aliyezeeka, mnene au anayechechemea aonwe kwanza na daktari wa mifugo.

Siku za mwanzo iegeshe baiskeli karibu na anapolia chakula mpaka aizoee. Kisha tembea naye ukiisukuma, ukimfundisha maneno manne tu: twende, taratibu, simama, acha. Akishaelewa, panda na uendeshe dakika tano hadi kumi kwenye tambarare. Ongeza dakika tano kila wiki mpaka mfikie nusu saa, mara tatu kwa wiki. Wengi hawahitaji zaidi ya hapo.

Kanuni kuu ni kwamba mbwa ndiye anayepanga mwendo. Mwangalie miguu. Ikienda mchakamchaka, sawa. Akiingia kwenye shoti ili akufikie, wewe ndiye uliyekosea, punguza. Kamba ikianza kuvutwa kuelekea nyuma, simama kabisa. Mbwa ana tabia moja ya hatari: hupenda kumridhisha bwana wake kuliko kujihurumia, naye atakufuata mpaka aanguke.

Milima ya Karatu inataka tahadhari yake. Kwenye kupanda, shuka usukume. Kwenye mteremko baiskeli hukimbia yenyewe na mbwa hulazimika kwenda shoti huku miguu ya mbele ikifanya kazi ya breki. Huko ndiko mabega yanakoumia. Shika breki mapema, au shuka pia.

Joto, maji na chakula

Mbwa hana jasho la maana isipokuwa kidogo kwenye nyayo. Anajipoza kwa kuhema. Joto lake la kawaida ni kama nyuzi 38 hadi 39. Likipita 41 maisha yake yako hatarini. Ulimi ukipanuka na kuning'inia pembeni, mate yakawa mazito, ufizi ukawa mwekundu sana, au miguu ikaanza kuyumba, safari imekwisha. Mpeleke kivulini, mmwagie maji tumboni, kifuani na mapajani, mpepee, umpe maji kidogo kidogo, kisha umuwahishe kwa daktari.

Asubuhi za Juni hadi Agosti Karatu ni za baridi, na hizo ndizo bora. Ukiishi Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, uko chini sana kuliko mjini na joto linawahi. Saa tatu asubuhi ya Karatu inaweza kuwa salama, ya Mang'ola isiwe.

Usimlishe kabla ya mbio. Mbwa wenye kifua kirefu hupatwa na tumbo kujaa gesi na kujisokota, na wengi hufa ndani ya saa chache wasipotibiwa. Acha saa tatu kati ya chakula na mazoezi, na saa moja au mbili baada ya mazoezi kabla ya kumlisha.

Mbwa aliyekuwa hodari akaanza kuchoka mapema, usimwite mvivu. Chunguza ufizi: ukiwa mweupe, shuku magonjwa ya kupe, ambayo huharibu damu. Kila mkirudi, mpapase masikioni, kwapani na katikati ya vidole.

Watu, mifugo na msitu

Barabara za vijijini zina wenyewe. Wanafunzi hupita alfajiri, ng'ombe na mbuzi hufuata jua likipanda, na wapo majirani, wakiwemo Waislamu, wasiotaka kuguswa na mate ya mbwa. Ukikutana nao shuka, simama kati yao na mbwa, mpe mzee shikamoo yake, waache wapite. Mbwa wa boma wakikujia, shuka vilevile na uweke baiskeli kati yao na wako, ukikimbia watakufukuza.

Usiende gizani wala kwenye ukingo wa msitu. Tembo na nyati hushuka mashambani usiku, na chui humpenda mbwa kama kitoweo. Wala usivuke lango la Lodoare. Hifadhi ya Ngorongoro, iliyoanzishwa mwaka 1959, ina wafugaji wanaoishi humo na mbwa wao, lakini si uwanja wa mazoezi wa mbwa wa mjini.

Nyuma ya katazo hilo kuna historia. Mwaka 1994 virusi vya distempa, vya jamii moja na surua, viliingia kwa simba wa Serengeti na kuua takriban theluthi moja yao, karibu simba 1,000. Chanzo kilichoshukiwa zaidi ni mbwa wa kufugwa wa vijiji vinavyoizunguka Serengeti. Mbwa anayekimbia kilomita nyingi hunusa, hulamba na hukutana na wenzake wengi kuliko aliyefungwa bandani, kwa hiyo anaokota na kusambaza zaidi.

Ndiyo maana matayarisho ya kwanza, kabla ya bomba na springi, ni kadi ya chanjo. Mbwa achanjwe distempa na kichaa cha mbwa akiwa mdogo, kisha arudiwe kama daktari atakavyopanga. Kichaa cha mbwa kwa kawaida huchanjwa kila mwaka. Akimuuma mtu njiani, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na aliyeumwa aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama kadi imejaa mihuri. Kama kadi yako haina muhuri wa mwaka huu, baiskeli isubiri. Anza na ofisi ya mifugo.