Sinia la matunda na jibini lenye umbo la mti wa Krismasi: namna ya kulipanga kwa vitu vya kwetu

Tangu tuanze kuzungumzia mapishi ya sikukuu hewani, swali linalorudi kwenye ujumbe mfupi ni hili: lile sinia la matunda na jibini tunaloliona kwenye video za simu, limepangwa kama mti wa Krismasi, je, na sisi tunaliweza? Msikilizaji wetu mmoja wa Kyela akaongeza la kwake. Duka lenye friji liko mbali na nyumbani kwake, je, jibini ataitoa wapi?

Jibu ni kwamba tunaliweza, na jibini anaweza kuitengeneza mwenyewe asubuhi hiyohiyo. Ila yako mambo ambayo video hazisemi, kwa sababu waliozirekodi wanaishi kwenye baridi na sisi Desemba yetu ina joto, mvua na nzi. Redioni dakika zilitubana, ndiyo maana tumeyaandika hapa. Soma taratibu, msomee na mama jikoni.

Kwanza tuelewane kuhusu neno. Wengi tunasema "chizi", na mtaani chizi ni mtu mwingine kabisa. Hapa nitatumia jibini.

Ulaya na Marekani kaskazini, Krismasi inaangukia kwenye majira ya baridi. Miti mingi imepukutisha majani, ila misonobari inabaki kijani, na desturi ya kuipamba ndani ya nyumba ilienea kutoka Ujerumani. Jibini na matunda ni vitu ambavyo wenzetu huwawekea wageni wavitafune wakati chakula kikubwa kinasubiriwa. Mtu akipanga vitu hivyo kwa umbo la mti, au la shada la duara, meza inapendeza na hakuna aliyepika chochote. Kwetu mgeni anayesubiri pilau hupewa soda na karanga, na sinia hili linakaa mahali hapohapo.

Sasa tofauti yenyewe. Maelekezo ya wenzetu husema jibini itolewe kwenye friji nusu saa au saa nzima kabla ya wageni, ili ladha yake ifunguke. Nyumba yao ina ubaridi na jibini yao mara nyingi ni ngumu, iliyokaa miezi na kupungua maji. Jibini laini ya nyumbani haina ulinzi huo. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya muda wa saa 2. Kwa jibini laini na matunda yaliyokatwa, mimi ningeuheshimu muda huo huko Tukuyu kwenye ubaridi, na kule Kyela au Usangu ningeupunguza uwe saa 1. Sumu ya chakula haina harufu kila mara. Embe lililokatwa alfajiri likaliwa saa tisa alasiri linaweza kuonekana zuri kabisa, na usiku watoto watatu wanaharisha.

Jibini ya kugandisha kwa limau

Jibini ngumu ya dukani ni ghali kwa sababu inayoeleweka: kilo 1 hula takriban lita 10 za maziwa ya ng'ombe, halafu kuna miezi ya kuitunza. Ya kugandisha kwa limau haisubiri. Wahindi wanaiita paneer na wanaipika karibu kila siku. Kwa lita 4 za maziwa yenye mafuta yake utapata jibini inayokaribia robo tatu ya kilo. Maziwa yaliyochanganywa na maji yatajisema yenyewe hapa, maana utabaki na kiganja kimoja cha jibini na sufuria iliyojaa maji.

Kwa wafugaji wa Rungwe hili lina faida ya ziada. Siku ya sikukuu sehemu nyingine gari la kukusanya maziwa halipiti, na ng'ombe hajui kwamba ni Krismasi. Ukikamua, maziwa hayo yanahitaji pa kwenda.

Tumia maziwa mabichi ya siku hiyo. Ya jana yaliyoanza kuchacha yatakatika kabla hayajachemka, na dang'a la ng'ombe aliyezaa juzi halifai. Kama ng'ombe alichomwa sindano ya antibiotiki, maziwa yake hayaliwi wala kuuzwa mpaka siku alizoandika mtaalamu wa mifugo ziishe. Kuchemsha hakuondoi dawa hiyo.

Weka sufuria motoni, koroga mpaka chini ili yasiungue, na yaache yachemke kweli, yapande. Hatua hii usiifupishe kwa kuogopa kumaliza kuni. Maziwa mabichi yanaweza kubeba vijidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe, na vya brusela, ule ugonjwa unaofanya ng'ombe kutupa mimba na unaompa mtu homa ya kwenda na kurudi kwa wiki nyingi. Limau linagandisha maziwa, haliui vijidudu hivyo. Kinachoviua ni moto. Mama mjamzito awe wa kwanza kuuliza: haya maziwa yalichemshwa?

Epua. Uwe umekamua maji ya limau nusu kikombe mpaka robo tatu na kuyachuja mbegu. Mimina kidogokidogo huku ukikoroga taratibu. Utaona mabonge meupe yanajitenga na maji ya rangi ya njano iliyochanganyika na kijani. Maji hayo yakiwa angavu, acha kuongeza limau. Yakiwa bado meupe kama maziwa, ongeza kijiko. Mwenye siki nyeupe badala ya limau atapata jibini ileile, ila harufu ya limau mimi naipenda zaidi.

Chuja kwa kitambaa cha pamba kilichochemshwa. Kanga mpya itachuja rangi, usiitumie. Wala kipande cha chandarua, hata kama matundu yake yanaonekana yamepimwa kwa kazi hiyo, kwa sababu vyandarua tunavyogawiwa vimetiwa dawa ya kuua mbu. Suuza mabonge kwa maji yaliyochemshwa yakapoa ili ukali wa limau upungue, nyunyiza chumvi kijiko kimoja cha chai, changanya. Kunja kitambaa kama kifurushi, kiweke kati ya sahani mbili, juu yake uweke ndoo ndogo yenye maji kama lita 4. Muda wa saa 1 unatosha jibini ishikane ikatike vipande. Maji yaliyochujwa usiyamwage: yanakandia chapati vizuri sana, na nguruwe anayashukuru.

Asiye na friji ajue kwamba jibini hii ni ya kuliwa mchana huohuo. Kwa watu wa kwenye joto kuna njia ninayoipendekeza zaidi: kata vipande, vikaange kwenye mafuta mpaka viwe kahawia, dakika chache kabla ya kuviweka kwenye sinia. Jibini ya aina hii haiyeyuki ikikaangwa. Inapata ganda la nje na ndani inabaki laini, na moto umepita juu yake mara ya pili.

Matunda gani, na yapi yasikae karibu na jibini

Desemba hatuna shida ya matunda. Maembe yamefika, mananasi yapo, mapapai na ndizi havikatiki, pasheni zipo, na matufaha ya Makete na Njombe ukiyapata ni mazuri kwa kazi hii kwa sababu yanakatika bila kutoa maji mengi. Ili mti uwe kijani utahitaji tango lenye ganda lake, au matufaha ya kijani, au mapera magumu. Parachichi tunalo tele, ila likikatwa linageuka jeusi upesi, nami ningeliacha kwa ajili ya kachumbari. Ndizi na tufaha nazo hubadilika rangi zikikutana na hewa. Zipake maji ya limau mara tu unapozikata, zitabaki na rangi yake kwa muda.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni la nanasi na papai. Mnakumbuka tunavyolainisha nyama ngumu kwa papai bichi? Ndani ya papai kuna kimeng'enya, yaani kitu cha asili kinachovunjavunja protini, na nanasi bichi lina cha kwake. Jibini ni protini. Vipande vya jibini vikilaliana na nanasi kwenye sinia, baada ya muda vinaanza kulegea na kuwa vichungu, na mgeni atasema jibini yako imeharibika. Weka nanasi upande wake, au tenganisha kwa mstari wa tango au jani la mgomba. Nanasi lililochemshwa kidogo kwenye sufuria halina tabia hiyo, kwa sababu moto unakivunja kimeng'enya.

Osha matunda kabla ya kuyamenya, hata yale ambayo ganda lake halitaliwa. Kisu kikipita kwenye ganda chafu la tikiti kinaingiza uchafu ndani. Msimu huu wa mvua, ambao kipindupindu hupenda, maji ya kuoshea yawe yamechemshwa au yametiwa dawa ya klorini. Kisu na ubao uliochinjia na kukatia kuku visiguse matunda kabla ya kuoshwa kwa sabuni. Siku ya Krismasi jiko lina watu wengi na visu vichache, na kosa hilo hufanyika bila mtu kuona.

Kupanga

Sinia la pilau linatosha. Ungo nao unapendeza kuliko sinia, ukiutandika jani la mgomba lililobabuliwa motoni likalainika na kupanguswa. Kwa ncha ya kijiko chora pembetatu kwenye jani: kitako upande wako, kilele upande wa pili.

Anza chini. Safu ya kwanza iwe ya vipande vya tango vilivyokatwa duara, ya pili jibini, ya tatu tango tena, na kila safu iwe fupi kuliko iliyotangulia. Ya juu ilalie kidogo ile ya chini, vile fundi anavyoezeka bati, na nyufa hazitaonekana. Ukifika juu mti umejichonga wenyewe. Vipande vyekundu vya tikiti au nyanya ndogo vichomekwe hapa na pale kama mapambo. Shina ni kijiti cha mdalasini au kipande cha muwa. Kwa nyota ya kileleni, chukua tufaha ulikate kwa upana badala ya urefu: katikati utakuta nyota ya ncha tano, imechorwa na mbegu zenyewe. Watoto wasioijua watataka ukate la pili. Pembeni, nje ya mti, ndiyo nafasi ya maembe na nanasi.

Tukizungumzia watoto: walio chini ya miaka 5 wasipewe zabibu nzima wala kipande kinene cha jibini, vinaziba koo. Zabibu ipasuliwe kwa urefu vipande vinne. Njiti za meno ziondolewe kwenye sehemu ya sinia wanayoifikia.

Kwa wanaokwenda kanisani asubuhi ya tarehe 25, matunda yaoshwe usiku wa kuamkia siku hiyo na yaachwe mazima. Jibini itengenezwe na anayebaki nyumbani kupika, kukata kuanze watu wakirudi. Funika kwa kawa. Kama huna, kitambaa safi chepesi kinatosha. Likiisha sinia la kwanza, leta la pili dogo, usiongezee vipya juu ya vilivyokaa. Na vilivyobaki baada ya muda wake kupita vipelekwe kwa mifugo, hata kama roho inauma.

Waislamu wanaotusikiliza wameuliza kama hili linawahusu. Umbo la mwezi mwandamo ni rahisi kuliko mti: weka bakuli kubwa juu ya ungo, zungushia nusu duara nene upande mmoja na uzipunguze ncha, kisha toa bakuli. Tende zilizotolewa kokwa na kujazwa jibini hii zinafaa sana kwa Idi. Jambo la kuangalia ni hili: baadhi ya jibini za kiwandani hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotoka kwenye tumbo la ndama, kwa hiyo anayejali namna mnyama alivyochinjwa asome maelezo ya pakiti au aulize. Ya limau haina kitu hicho, ni maziwa, limau na chumvi tu.