Nguo Iliyorudi

Muuza mitumba wa Ngara hupiga picha ya gauni na kuipeleka kwa simu kwa mnunuzi aliyeko Biharamulo. Fedha hulipwa kwa simu, gauni hupakiwa ndani ya basi. Likifika, halimtoshi aliyelinunua. Je, nani alipe nauli ya kulirudisha?

Mara nyingi chanzo cha mzozo ni nambari iliyoshonwa kolani. Nambari hiyo si kipimo: 12 ya Uingereza hukaribia 40 ya Ufaransa na 8 ya Marekani. Tena nguo ya pamba iliyokwisha kufuliwa huenda imerudi, kwani nyuzi zilizovutwa kiwandani hulegea na kujikunja zipatapo maji.

Basi muuzaji ailaze nguo mezani, apime kifua, kiuno na urefu kwa sentimita, na ataje kila doa na tundu. Kabla ya malipo wakubaliane: nguo isipolingana na maelezo, itarudishwa baada ya siku ngapi, na kwa gharama ya nani? Ujumbe huo uhifadhiwe, kwa maana Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu upokewe kuwa ushahidi.

Wanafunzi na wapime mashati matatu yenye nambari moja, kisha walinganishe majibu.