SAMADI IRUDI MALISHONI

Ndugu mfugaji, umewahi kutazama mahali palipokuwa na zizi zamani? Wenyewe walihama, na miti ya zizi imeoza. Lakini nyasi za hapo hushinda za mahali pengine.

Sababu ni samadi. Mchana ng'ombe hula malishoni. Usiku huacha kinyesi zizini. Hivyo chakula cha ardhi hutoka malishoni kila siku, wala hakirudi. Malisho hubaki kipara, na udongo huwa mgumu kama sakafu.

Siku moja nilimwaga kopo la maji juu ya kipara. Yalitiririka yote. Nikamwaga kopo jingine kwenye zizi la zamani. Yalizama. Mzee mmoja akasema, "Kumbe mvua tunayo, ila hatuna pa kuiweka!"

Tufanye nini? Usitandaze samadi mbichi juani. Itakauka, na mvua itaichukua. Ioze kwanza iwe mboji. Chimba shimo karibu na zizi, kina mita 1. Weka mabua, kisha samadi, majivu kidogo na maji. Rudia mpaka lijae, halafu lifunike kwa udongo. Chomeka mti katikati. Baada ya wiki moja uchomoe, uushike. Ukiwa na joto, mboji inaiva. Ukiwa mkavu, ongeza maji. Geuza kila mwezi. Baada ya miezi 3 au 4 mboji itakuwa nyeusi, wala hainuki.

Usianze na malisho yote, mboji haitatosha. Anza na kipara kimoja. Chimba mashimo ya nusu mwezi, upana hatua 4. Mdomo wa shimo uelekee juu, maji yanakotoka. Udongo uweke upande wa chini. Changanya mboji ndani, panda mbegu za nyasi za hapo hapo, kabla ya mvua.

Halafu funga mahali hapo, kama Wasukuma wanavyofunga ngitili wakati wa mvua na kuifungua kiangazi. Mradi wa HASHI, ulioanza Shinyanga mwaka 1986, ulisaidia kurudisha ngitili nyingi.

Kufunga ndiyo kazi ngumu. Katika kijiji kimoja tulichimba, tukapanda, nyasi zikaota. Wiki ya tatu mbuzi wakazimaliza. Kosa lilikuwa langu. Nilizungumza na wenye mifugo, nikawasahau watoto wanaochunga. Mwaka uliofuata nilianza kwa watoto. Wao wenyewe walichagua kipara cha kufunga, wakaleta miiba ya kukizungushia.