Bajaji ya umeme: hesabu iko kwenye betri

Mwenye bajaji wa Zinga hununua petroli kwa bei kikomo ambayo EWURA huitangaza kila mwezi, kwa kufuata soko la dunia na thamani ya dola. Agosti 2022, vita vya Ukraine vikiendelea, lita moja ilifika Sh. 3,410 Dar es Salaam. Bei ya umeme haibadiliki kila mwezi, kwani sehemu kubwa huzalishwa nchini kwa gesi na maji. Bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115, lilianza kuzalisha 2024. Tena bajaji ya umeme haihitaji oili ya injini wala plagi. Lakini betri ni ghali na huchakaa. Mnunuzi asiyeuliza dhamana yake, faida ya petroli italiwa na betri.