Seoul na Pyongyang: Karibu kwa Ramani, Mbali kwa Safari

Msomaji, hebu chukua ramani ya Korea na rula. Nilipopima mimi kutoka Seoul, mji mkuu wa Kusini, hadi Pyongyang, ule wa Kaskazini, nilipata kilomita zisizofika 200. Hiyo si hata nusu ya safari ya Nairobi na Mombasa! Abiria hangewahi kumaliza chai yake.

Lakini ndege ya kila siku haipo. Vita vya 1950 hadi 1953 vilisimamishwa tu, mkataba wa amani haukutiwa sahihi, na mpaka ukafungwa. Kwa miaka mingi mgeni aliyetaka kuiona miji yote miwili alizungukia Beijing, Uchina: saa mbili hivi angani kwenda, kisha karibu saa mbili nyingine kurudi upande ule ule alikotoka.

Tarehe 13 Juni 2000, Rais Kim Dae-jung wa Kusini aliruka hadi Pyongyang. Hata yeye hakuvuka juu ya mpaka. Ndege yake ilipitia baharini, upande wa magharibi, na bado ilifika kwa muda wa saa moja hivi.

Mimi hunigusa zaidi safari ya Agosti 15 mwaka huo. Ndege ya Kaskazini ilileta watu 100 Seoul, ikarudi na 100 wa Kusini, kila kundi likawaone jamaa waliopoteana nao vitani. Wapo akina mama waliowakuta wana wao wamekwisha kuota mvi. Tarehe 18 wakapandishwa ndege tena, kila mmoja kwao.