Je, Wajua? Ndege ya Vita Angani, Rubani Nyasini

Je, wajua kwamba kabla ya kuitwa Marilyn Monroe, binti mmoja wa California alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha ndege za rimoti? Jina lake lilikuwa Norma Jeane Dougherty, kiwanda kiliitwa Radioplane, na ilikuwa katikati ya miaka ya 1940. Mpiga picha wa jeshi, David Conover, alitumwa kuwapiga picha wanawake waliokuwa wakifanya kazi za vita, akamwona, na picha hizo ndizo zilizomwingiza katika kazi ya uanamitindo. Ndege za pale hazikuwa za kuchezea. Ziliundwa zirushwe, kisha zitunguliwe na wanajeshi waliokuwa wakijifunza kulenga shabaha. Mwanzilishi wa kampuni, Reginald Denny, naye alikuwa mwigizaji wa Hollywood, Mwingereza aliyewahi kufungua duka la modeli za ndege.

Kimojawapo cha vitu vya kwanza kuonyeshwa hadharani vikiongozwa kwa mawimbi ya redio hakikuwa ndege. Kilikuwa mashua. Nikola Tesla aliionyesha mjini New York mwaka 1898, miaka mitano kabla ya ndugu wawili Wright kuruka.

Ndugu wengine wawili, mapacha Walter na William Good wa Michigan, walirusha ndege yao ya rimoti, Guff, mwishoni mwa miaka ya 1930. Ndege hiyo sasa imehifadhiwa na jumba la makumbusho la Smithsonian.

Je, wajua kwamba zamani wapenzi wa ndege hizi walikuwa wakipanga foleni ya kusubiri hewa? Kila rimoti ilikuwa na chaneli yake, na watu wawili wakiwasha chaneli moja kwa wakati mmoja, ndege iliyo angani ilipotea. Basi uwanjani palikuwa na ubao wenye vibanio. Hujashika kibanio cha chaneli yako, huwashi. Rimoti za leo za gigahezi 2.4 zimemaliza foleni hiyo, na nyingi hufanya kazi kwa kurukaruka kutoka masafa haya hadi yale. Wazo la kurukaruka namna hiyo, kwa ajili ya kuongoza makombora ya chini ya maji, lilisajiliwa Marekani mwaka 1942 na watu wawili: mtunzi wa muziki George Antheil na mwigizaji Hedy Lamarr. Hollywood tena! Sijui mji ule ulikuwa na nini na rimoti.

Ni lini ndege ya mfano inahesabiwa kuwa kubwa? Chama cha kimataifa cha IMAA kimeweka mpaka: ndege ya bawa moja iwe na upana wa angalau inchi 80, yaani sentimita 203 kutoka ncha hadi ncha, ya mabawa mawili yaliyopandana, inchi 60. Chini ya hapo, hata ukiipaka rangi za vita, kwa kawaida haiingii.

Je, wajua kwamba ukiipunguza ndege hadi robo, uzito wake haupungui mara nne? Chukua ndege ya vita Mustang P-51D. Mabawa yake ya mita 11.28 yanakuwa mita 2.82. Eneo la bawa linapungua mara 16. Uzito, kama kila kipande kingepunguzwa kwa uaminifu, unapungua mara 64. Mustang iliyopakiwa ilikuwa na kama kilo 4,200, kwa hiyo mtoto wake angekuwa na kama kilo 65. Hakuna fundi anayetaka kurusha kilo 65, ndiyo maana anaacha uaminifu na kutumia mbao nyepesi hadi afike kilo 20 na ushei. Hapo ndege inaweza kupunguza mwendo hadi karibu kilomita 50 kwa saa kabla bawa halijaacha kubeba. Mustang halisi ilihitaji kama 160.

Lakini hewa haikupunguzwa. Kwa bawa dogo linalokwenda polepole, hewa ni kana kwamba imekuwa nzito na yenye kunata, na hubanduka mapema kutoka mgongo wa bawa. Ndege nyingi za vita zina mabawa yanayokwenda yakichongoka, kwa hiyo ncha ndiyo sehemu nyembamba kuliko zote, na ikiwa mjenzi wa bawa hakuwa mwangalifu ncha ndiyo itakayoacha kubeba kwanza. Bawa moja linaanguka, ndege inapinduka mgongo chini, na ikiwa uko mita kumi juu ya ardhi, umeshamaliza. Hii ndiyo sababu halisi ya watu kujenga kubwa. Si majivuno tu, ingawa majivuno yapo! Modeli kubwa hupata hewa iliyo karibu zaidi na ile ya ndege halisi, na huruka kwa utulivu ambao ndogo haiupati.

Wabunifu wa Spitfire, ndege ya vita ya Waingereza, walilijua tatizo hilo la ncha. Bawa lake lilisokotwa: shinani limeinuliwa nyuzi 2, nchani limeinamishwa nusu nyuzi. Shina likaacha kubeba kwanza, ndege ikatetemeka, na rubani akapata onyo kupitia kiti chake. Rubani wa rimoti amesimama kwenye nyasi mita mia mbili kutoka ndege yake. Kiti hana. Mtetemo haumfikii. Anachokiona ni bawa lililokwisha kuanguka.

Wajua kwamba mti wa balsa, unaotoa mbao za ndege hizi, ni wa familia moja na mbuyu na msufi? Nyumbani kwake ni Amerika ya Kati na Kusini, na Ekwado ndiyo inayouuza kwa wingi kuliko nchi nyingine yoyote. Hukua kwa pupa. Ndani ya miaka sita hivi umeshafaa kukatwa. Na usidhani balsa ni ya modeli tu. Mosquito, ndege ya vita ya Waingereza iliyoruka mara ya kwanza Novemba 1940, bodi yake ilikuwa tabaka la balsa lililobanwa kati ya matabaka ya plaiwudi. Anayejenga Mosquito ya rimoti kwa balsa haigizi chochote hapo, anafanya kama walivyofanya.

Injini nyingi za modeli kubwa zina ukoo mmoja na za misumeno ya kukatia magogo na mashine za kufyekea nyasi: petroli iliyochanganywa na oili, silinda moja au mbili. Zile ndogo za zamani zilikunywa methanoli na mafuta ya nyonyo, na aliyewahi kuikaribia moja haisahau harufu yake. Mwenye fedha hununua injini ya silinda tano zilizopangwa duara, inayonguruma badala ya kulia kama nyuki.

Je, wajua kwamba ndege ya vita ya mfano hubeba madini ya risasi puani, na haihusiani na bunduki? Injini ya Merlin katika Spitfire ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 600. Injini ya modeli ni nyepesi mno ikilinganishwa na bodi, basi pua inakuwa nyepesi na mkia unazidi. Mkia uko mbali na kiini cha uzito, pua iko karibu. Ikiwa umbali wa mkia ni mara tatu ya ule wa pua, gramu 100 za rangi na gundi ulizozipaka kizembe kule nyuma zitadai gramu 300 za risasi kule mbele. Mafundi wana msemo wao: ndege yenye pua nzito huruka vibaya, yenye mkia mzito huruka mara moja.

Kuhusu mapambo, kuna watu wanaodondosha matone ya gundi kwa sindano ya hospitali, moja baada ya jingine, maelfu, ili yaonekane kama vichwa vya ribiti. Ukiona ni wazimu, sikiliza hii. Wakati wa kuijaribu Spitfire, wahandisi walitaka kujua ni ribiti zipi lazima zilazwe sawasawa na bati. Wakabandika nusu za njegere kavu juu ya kila ribiti, ndege ikarushwa, wakawa wanazibandua sehemu kwa sehemu. Njegere hizo zote zilikula kama kilomita 35 kwa saa za mwendo.

Baada ya ribiti huja kazi ya kuzeesha: masizi ya ekzosi, rangi iliyochubuka pale fundi wa jeshi alipokanyaga, vumbi. Ndege mpya inayoonekana imechoka ndiyo inayosifiwa na majaji, na mjenzi hutakiwa kuleta picha za ndege halisi kuthibitisha kwamba uchafu ule ulikuwepo.

Je, wajua kwa nini mabawa ya ndege ya vita Corsair yamekunjika kama ya membe? Propela yake ilikuwa na kipenyo cha mita 4.06. Ili isilime sitaha ya meli, ndege ilipaswa kuinuliwa, lakini miguu mirefu ni dhaifu; wakaliinamisha bawa likutane na mguu mfupi. Magurudumu yenyewe hugeuka nyuzi 90 yanapokunjwa kwenda nyuma, jambo linalowanyima usingizi wajenzi wa modeli zake.

Spitfire zenye injini ya Griffon zilivutia upande usiotarajiwa. Propela ya Griffon ilizunguka kinyume na ya Merlin, hivyo rubani aliyezoea kuzuia ndege isiende kushoto wakati wa kupaa alijikuta inakwenda kulia.

Messerschmitt 109 na Spitfire zote zilikuwa na magurudumu yaliyokaribiana, na zote ni balaa chini. Hurricane, ambayo magurudumu yake yametanuka, husamehe zaidi. Mmoja wa marubani wa Hurricane katika vita vya Ugiriki vya 1941 alikuwa Roald Dahl, yule mwandishi wa vitabu vya watoto. Alikuwa mfanyakazi wa Shell mjini Dar es Salaam, na alijiunga na jeshi la anga la Uingereza jijini Nairobi mwaka 1939.

Na Harvard? Wauzaji huisifu kuwa ndege mwafaka kwa anayeanza modeli za kivita, maana ile ndege halisi ilikuwa ya mafunzo. Msomaji wa Nyeri au Murang'a ana haki ya kuikumbuka kwa jambo jingine: kuanzia 1953 Waingereza walizitumia Harvard kudondosha mabomu katika misitu ya Aberdare na Mlima Kenya dhidi ya Mau Mau. Rangi hizo sidhani kama ningezipaka kwa furaha.

Je, wajua kwamba katika filamu ya 1969, Battle of Britain, ndege za Stuka zinazopiga mbizi ni modeli kubwa za rimoti? Kinachofichua modeli kwenye filamu ni wepesi wake wa kugeuka. Dawa ni kuipiga picha kwa kasi kisha kuionyesha polepole: kwa modeli ya robo, picha 48 kwa sekunde badala ya 24.

Sasa, siku ya kurusha mara ya kwanza. Uingereza, modeli inayozidi kilo 25 huhitaji idhini ya mamlaka ya anga, na wakaguzi huiangalia ikiwa bado mifupa, kabla haijafunikwa. Marekani nako mstari wa sheria umepigwa kwenye ratili 55, ambazo ni kilo zilezile 25.

Kwanza mawimbi yanapimwa: nguvu ya rimoti inashushwa, rubani anarudi nyuma hatua kama 30, sevo zote, vile vimota vinavyosogeza usukani, zinachezeshwa, injini ikiwa imezimwa, kisha ikiwa inanguruma. Halafu rimoti inazimwa makusudi, ndege ikiwa imefungwa, kuona kama injini itashuka yenyewe. Ndege isiyofanya hivyo ni kombora. Modeli kubwa hubeba betri mbili, na mara nyingi vipokezi viwili, kwa sababu kilo 20 zinazokwenda kilomita 150 kwa saa hazina mjadala na mtu.

Wakati wa kupaa, nguvu huongezwa taratibu, usukani wa mkia ukizuia ndege isivutwe pembeni. Wengi hawakunji magurudumu kabisa safari ya kwanza. Hivyo hupunguza kitu kimoja cha kuharibika. Hupanda hadi kimo ambacho Wamarekani hukipima kwa makosa: makosa matatu juu, yaani unaweza kukosea mara mbili na bado ukabaki na nafasi. Huko juu ndiko bawa hujaribiwa. Nguvu inapunguzwa, pua inainuliwa, flapu zikiwa juu, kisha zikiwa chini, hadi bawa liachie. Msaidizi anasoma saa na kusema anachoona, maana rubani hawezi kuondoa jicho.

Ndege ikija kumkabili rubani, kushoto na kulia hubadilishana. Kanuni ya kumwokoa ni fupi: sukuma kijiti upande wa bawa lililoinama.

Kutua ndiko kunakovunja ndege nyingi, na si angani bali baada ya kugusa. Kwa ndege zenye gurudumu la mkiani, kiini cha uzito kiko nyuma ya magurudumu makuu, hivyo mkia hutamani kupita mbele. Rubani anayeshusha pumzi mapema huona ndege ikizunguka na bawa likichimba nyasi.

Ikisimama salama, picha husubiri. Kwanza skrubu zote hukaguliwa, kwa kuwa injini ya silinda moja hutikisa vibaya, kisha mafuta yaliyobaki tangini hutolewa na kupimwa. Kiasi hicho ndicho kinachoamua saa ya rimoti ilie dakika ya ngapi safari ijayo.